Kijiko, sio kikombe

Naona mliokaa mbele mmeshajua naanzia wapi. Ndiyo, kijiko cha kumnywesha mtoto anayeharisha ORS, ile chumvi na sukari ya pakiti inayochanganywa na maji, na nitakisema mpaka watoto waache kuletwa macho yameshaingia ndani kwa kukaukiwa maji.

Mama mmoja alinijia na binti wa mwaka na miezi miwili, anaharisha maji matupu, anatapika. Akasema "dokta hiyo ORS nimempa, haikai." Umempaje? Kumbe kikombe kizima! Mtoto ana kiu, kakibugia chote, punde kakirudisha chote. Sasa tumbo limevurugwa na virusi halafu unalimiminia kikombe kwa mkupuo, unategemea nini? Nikakaa nao kwenye benchi. Kijiko cha chai, mililita 5, tunasubiri dakika 2, kingine. Mtoto anang'ang'ania kikombe, mama anamwonea huruma anataka kumpa, nikamwambia hapana mama, subiri. Cha sita akatapika. Mama akaniangalia kama vile, si nilikwambia? Tukaacha dakika 10 tukaanza upya, taratibu zaidi. Ilichukua muda na mkono unachoka, sikatai, lakini mwishowe yule mtoto alikojoa, gauni la mama yake likalowa mapajani, na mama mwenyewe akaanza kulia kwa furaha. Pigeni hesabu, mililita 5 kila dakika 2 ni 150 kwa saa. Hicho kikombe si mmeshakimaliza?

Kuna mtu moyoni anasema, chumvi na sukari ndio dawa gani hiyo, si apewe dripu. Sikilizeni. Sukari ndiyo inayoipitisha chumvi kwenye ukuta wa utumbo, chumvi inavuta maji nyuma yake, na njia hiyo inaendelea kufanya kazi hata mtoto akiwa anaharisha. Mwaka 1971 kwenye kambi ya wakimbizi wa vita vya Bangladesh dripu ziliwaishia, daktari Dilip Mahalanabis akawapa ndugu wa wagonjwa mchanganyiko huo wawanyweshe wenyewe, na ile ilikuwa kipindupindu! Vifo vikashuka kutoka karibu asilimia 30 hadi chini ya 4. Kwa hiyo msiniambie ni maji tu. Ila changanya na maji kiasi kilekile kilichoandikwa kwenye pakiti, usiongeze sukari, na soda weka mbali kabisa maana sukari yake nyingi inavuta maji kuyarudisha utumboni, anazidi kuharisha.

Antibayotiki haiui virusi vinavyoleta kuharisha, viwe rota viwe noro. Dawa za kufunga kuharisha mtoto mdogo hapewi, sitaki kusikia. Ziwa aendelee kunyonya, chakula asinyimwe. Zinki siku 10 hadi 14, miligramu 20 kwa siku, aliye chini ya miezi 6 apewe 10.

Muda unaniishia na chanjo sijaigusa, ya rota ni matone ya mdomoni, yanaanza wiki ya 6, msichelewe. Mikono ni sabuni na maji, sanitaiza kwa noro haitoshi.

Ukiona damu kwenye choo, mtoto amelegea, analia bila machozi, ukimfinya ngozi ya tumbo inarudi polepole, au saa 6 zimepita hajakojoa, usikae nyumbani, kimbia hospitali. Na huko njiani kama yuko macho na anameza, kijiko kiendelee.