Anzeni na paa

Wakubwa shikamooni. Vijana marahaba, hata kama hamjaniamkia.

Nimepewa dakika arobaini nizungumzie magari ya kutembeza watalii milimani, na aliyenialika aliniomba, kwa adabu zote, leo nisizungumzie kabichi. Nitazungumzia kabichi.

Mwaka 1974 nilikuwa utingo wa lori la mboga, Lushoto kwenda Mombo. Dereva na mwenye mzigo mbele, mimi juu ya magunia. Barabara ile mnaijua: kona inazaa kona, huku korongo, huku ukuta wa mwamba. Mwenye mzigo ndiye aliyelipa, naye alichokiona safari nzima ni dashibodi na moshi wa lori lililotutangulia. Mimi niliyelipwa shilingi za kuhesabu nimelala chali juu ya kabichi, nauona mlima wote, kuanzia vidole vya miguu mpaka nywele za kichwani. Pale Soni nikaona ukungu wa maporomoko unanijia usoni. Sikujua kwamba ninafanya utalii. Nilijua tu kwamba kabichi ni baridi mgongoni.

Miaka imepita, nikawa dereva wa wageni. Kampuni moja, jina silitaji, ikanipa kosta mpya: viti vya kitambaa, tinti nyeusi mpaka juu, na kwenye dari mabomba ya kiyoyozi yamekaa palepale ambapo jicho lingepita. Barabara ileile. Nikatazama kwenye kioo cha ndani, nikamwona bibi mmoja mgeni, sabini na ushee, amelaza shavu kwenye dirisha, shingo imepinda kama ya kuku anayetazama mwewe. Jicho moja ndilo linalofanya kazi. Pumzi yake imeweka duara la ukungu kwenye kioo, analifuta kwa kiwiko, linarudi. Tulipofika juu akashuka, akanyoosha shingo, akaniuliza kwa upole kabisa: "Mlima tumeshaupita?"

Bibi yule amelipa kuliko mizigo yote ya kabichi niliyowahi kuisindikiza. Tangu siku hiyo nasema jambo moja, na nitalisema mpaka mnizike: gari la kutembeza watu milimani linaanza kujengwa paani. Injini baadaye.

Sasa msidhani haya ni mawazo ya utingo. Kulikuwa na bwana mmoja Marekani, Cyrus Osborn, mkubwa wa kitengo cha kampuni ya magari ya General Motors kilichounda vichwa vya treni za dizeli. Mwaka 1944 alisafiri na treni inayopita Glenwood Canyon, jimbo la Colorado. Korongo hilo mto umelichimba, kuta za mwamba zinapanda pande zote mbili, na reli imejibana chini kabisa kando ya maji. Osborn hakukaa na abiria. Alikaa kwenye kichwa cha treni. Na pale mbele, penye kioo kipana, akaona kile ambacho abiria wa nyuma, walionunua tiketi, hawakioni: mwamba unakuja, unapanda, unakupita juu ya kichwa. Yaani mzee mzima wa General Motors aligundua mwaka 1944 kile nilichokigundua mimi juu ya kabichi. Tofauti ni kwamba yeye alikuwa na kalamu. Akachora behewa lenye kuba la kioo juu ya paa, viti vimepandishwa ndani ya kuba, mtu anaona mbele, nyuma, pembeni na juu.

Kampuni ya reli ya Burlington ikalichukua wazo. Na hapa nataka mafundi bodi mliokaa nyuma mnisikilize, acheni simu. Hawakusubiri kununua behewa jipya. Mwaka 1945, kwenye karakana yao ya Aurora, Illinois, walichukua behewa la abiria lililokuwa tayari kazini, wakakata paa, wakainua kuba, wakaweka viti 24 chini ya vioo. Wakaliita Silver Dome. Msumeno, kuchomelea, na akili. Vitu hivyo vitatu Arusha vipo, maana nimeona kwa macho yangu Land Cruiser inakatwa katikati na kurefushwa chesisi, na inakwenda Serengeti na kurudi.

Najua kuna mtu kule anataka kuniambia, "Mzee, jua la kwetu, kioo juu ya kichwa, wageni wataiva." Ndiyo, wataiva, ukiweka kioo cha dirisha la nyumba. Wenzetu walikutana na jua hilohilo kule magharibi ya Marekani. Wakaweka kioo maalumu cha kupunguza joto na mwanga mkali, wakaongeza nguvu ya kiyoyozi. Ugonjwa wetu ni kuweka kiyoyozi kwanza, halafu tunatafuta mlima ukae wapi. Swali zuri zaidi lingekuwa la urefu. Kuba linaongeza kimo, na mahandaki ya mashariki ya Marekani yalikuwa ya chini, ndiyo maana mabehewa ya kuba yalishamiri magharibi. Kwa hiyo kabla hujakata paa, nenda kapime daraja na matawi ya miti ya njia yako. Kwa futi, siyo kwa kukadiria.

Mwaka 1949 ikaanza treni ya California Zephyr, Chicago mpaka Oakland, kila treni ina mabehewa matano ya kuba. Hili ndilo ninalolipenda kuliko yote: ratiba ilipangwa ili milima ya Rocky na korongo la mto Feather vipitwe mchana. Kulikuwa na njia za haraka zaidi, hawakujali. Sisi tunawaondoa wageni hotelini saa kumi na moja alfajiri, gizani, eti tuwahi. Tuwahi nini, na mlima ndio safari yenyewe? Treni ile ilikufa 1970, abiria walishahamia kwenye ndege na magari yao, sawa. Lakini pale Glenwood Canyon waliweka mnara, na juu ya mnara kuna mfano wa behewa la kuba. Baadaye barabara kuu ilipopanuliwa mnara ukahamishiwa kwenye makumbusho ya reli huko Golden. Nitajieni sehemu moja duniani iliyojengewa mnara wa kiyoyozi.

Ngoja, naonyeshwa saa. Dakika kumi na mbili? Haya.

Wajerumani walishatangulia. Mwaka 1935 waliunda magari mawili ya reli ya umeme, watu wakayaita treni ya kioo, vioo kuanzia kiunoni mpaka ukingo wa paa na kupanda juu, viti vinageuzwa ili abiria daima aangalie mbele. Yalizungusha watalii milima ya Bavaria, kusini mwa Ujerumani, na Austria. Moja liliangamia kwenye mabomu ya vita. La pili likaendelea mpaka Desemba 1995, lilipogongana na treni nyingine pale Garmisch-Partenkirchen. Halikurudi tena kwenye kazi, sasa ni la kutazamwa tu, mjini Augsburg. Funzo la gereji hapo: gari la oda maalumu halina spea dukani. Ukiagiza kioo kilichopindwa, agiza na cha akiba siku hiyohiyo.

Basi mtasema reli ni reli, sisi tuna barabara. Sawa. Hifadhi ya Glacier, jimbo la Montana, Marekani, wana mabasi mekundu yaliyoundwa na kampuni ya White kati ya 1936 na 1939. Abiria 17, kila mstari wa viti una mlango wake, na paa ni turubai linalokunjwa kurudi nyuma, mwamba unabaki juu ya kichwa chako bila kitu katikati. Yanapanda mpaka Logan Pass, njia ya juu mlimani, mita 2,026, na asubuhi kuna baridi, kwa hiyo kuna mablanketi. Madereva wake wanaitwa jammers, kwa sababu ya kelele za gia zao za zamani. Mwaka 1999 yakaondolewa barabarani, vyuma vimechoka, vina nyufa. Wangeweza kununua mabasi mapya ya bei nafuu. Badala yake Ford wakayatengeneza, na 2002 yakarudi kazini. Sasa nisikilizeni: chesisi waliweka nyingine, injini nyingine. Walichokihifadhi ni bodi na paa. Hata injini, chuma cha maana kabisa, ilitupwa, paa la turubai likabaki!

Volkswagen Samba ya 1951, kibasi cha Kijerumani, sitaieleza sana, mnaijua kwenye kalenda: madirisha 23, manane kati yake madogo, yamepangwa kwenye kingo za paa, manne kila upande, ili familia ikipita milima ya Alps watoto waone vilele. Ingia ndani mtazame, ni gari la kawaida kabisa lenye injini dhaifu. Lakini ikiwa imetunzwa, mnadani imewahi kupita dola 200,000. Siyo kwa sababu ya injini, nadhani tumeelewana.

Kuna kijana aliniandikia karatasi: "Mzee, magari yetu ya safari yana paa la kunyanyua, hilo halitoshi?" Linatosha kwa simba. Simba kalala, gari limesimama, mgeni anasimama, anapiga picha. Mlimani gari linatembea, lina kona, ukimsimamisha mgeni kwenye kona za Soni utampeleka hospitali. Mlimani mtu anakaa na mkanda wake, na anaangalia juu. Kwa hiyo paa la simba na paa la mlima ni mapaa mawili tofauti, na anayewauzia moja kwa kazi zote mbili anawaibia. Raba za kuzuia maji na mambo ya bima nilikuwa nimeyaandaa, yameliwa na kabichi, mnisamehe.

Nje kuna kosta ya chuo. Tokeni sasa hivi, kaeni viti vya nyuma, halafu mnionyeshe kilele cha Kibo bila kukunja shingo. Leo hakuna mawingu, msisingizie.