Profesa Kezilahabi na Neno Hili "Mnyenyekevu"

Mabibi na mabwana, wote walionitangulia wamesema Profesa Euphrase Kezilahabi alikuwa mkimya, mnyenyekevu. Sibishi. Lakini tangu Januari 2020 alipotutoka nasikia neno hilohilo, hadi najiuliza kama tulizika mwandishi au mtawa. Seminari alisoma, ndiyo, ila upadri hakuuchukua!

Wanafunzi wangu wamekichoka kisa hiki, wanivumilie. Nikiwa kidato cha tatu, bwenini kwetu ilizunguka nakala ya Kichomi, diwani ya mashairi ya Kezilahabi, isiyo na jalada, kurasa za mwanzo zimeliwa na panya. Nikanakili shairi moja, nikampelekea mwalimu wa Kiswahili. Akavaa miwani, akaanza kuhesabu mizani, yaani silabi za mstari, akitafuta nane zake, kwa vidole juu ya meza: moja, mbili, tatu... kufika tano, mstari umekwisha. Akarudia. Akaniuliza, "Tatu nyingine umeziacha wapi?" Alidhani nimenakili vibaya! Nikamwambia, mwalimu, ndivyo lilivyo. Akafunga daftari: "Basi hili si shairi, ni barua." Na utangulizi, ambamo Kezilahabi mwenyewe alitetea ushairi wa lugha ya kila siku, ndio huo walioula panya.

Namwona mzee pale nyuma anatikisa kichwa. Shikamoo, mzee wangu. Tarbia, shairi la mishororo minne kila ubeti, naipenda kama wewe, na nikioga naghani. Lakini mtu aliyethubutu mwaka 1974 kuwatolea washairi wa mizani nane kwa nane diwani ya mashairi huru namna ile, mpole yule? Sauti aliishusha, kalamu hakuishusha.

Tena alikwisha kuanza mapema. Rosa Mistika, 1971, riwaya yake ya kwanza, hajafika hata miaka 30. Anakichukua Namagondo, kijiji chake mwenyewe kule Ukerewe, anamweka humo Zakaria mlevi anayemchapa bintiye kwa barua ya mvulana. Mwingine angalau angebadili jina la kijiji! Shuleni kikapigwa marufuku, baadaye kikaja kufundishwa.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya, riwaya zake Nagona na Mzingile zimenipita, na Botswana alikofundisha miaka yote ile nayo imenipita.

Nakala ile ya panya ninayo hapa mkobani. Sikuirudisha, mwenyewe anisamehe. Anayetaka kuiona aje mbele, ila haiazimwi.