Mwanao wa Darasa la Kwanza Kasoma Nini Mwezi Huu?

Wazee wangu shikamooni, mama zangu, baba zangu, na bibi zetu ambao ndo mnawalea hawa wajukuu hapa Ujiji, mwakeye. Nimepewa nafasi niongelee watoto wa darasa la kwanza, mwezi mzima wanasoma nini hasa, maana kila wiki mzazi akija shuleni ananiambia mwalimu mbona daftari la mwanangu limejaa ma me mi mo mu tu, mtoto wa jirani anasoma shule ya kulipia na saivi anaandika sentensi nzima. Ni swali la haki kabisa. Ila jibu lake halimo kwenye daftari, limo kwenye kile mtoto anachoweza kukifanya ukimwambia haya nifanyie hapa nione.

Tangu 2015 darasa la kwanza na la pili muda mwingi unaenda kwenye KKK, kusoma kuandika na kuhesabu, alafu mtaala mpya ulioanza 2024 ukaleta na Kiingereza kuanzia darasa la kwanza, kuna afya na mazingira, kuna sanaa na michezo. Kipindi ni dakika 30. Ukiangalia ratiba unaona vitu vingi, lakini ndani ya mwezi mtoto anashika vichache na anavirudia kila kona, na ndo inavotakiwa.

Tuanze na kusoma, hapa ntakaa kidogo. Kabla mtoto hajaiona herufi m anatakiwa aisikie kwanza. Namuuliza, mawese linaanza na sauti gani? Anafumba mdomo, mmm. Muhogo je? Mmm. Hapo ndo naandika ubaoni. Mgebuka, yule samaki wetu wa ziwani, tunauweka kiporo, japo kila mtoto wa Kigoma anaujua, kwa sababu ile m ya pale imesimama peke yake haina irabu, ukimletea mapema unamchanganya. Tukimaliza sauti tunaunganisha na irabu, m na a tunapata ma, alafu ma na ma, mama, na siku mtoto anapogundua kwamba amelisoma neno mwenyewe bila kuambiwa na mtu, jamani, ile sura yake mngeiona mngekuja kukaa darasani kila siku.

Sasa ombi langu kwenu, nyumbani mkimfundisha msimwambie hii inaitwa "em", maana akija kukutana na ma anasoma "em-a" na anakwama hapo wiki nzima, mwambieni sauti yake tu inatosha. Na hizi nyimbo za herufi za Kiingereza kwenye simu sio mbaya ila zibaki za Kiingereza, kwa sababu a ya kule haisomeki kama a ya kwetu. Msiwe na haraka na sentensi pia. Kuna watoto wanaimba ukurasa mzima kwa kichwa, ukimfunika picha na kumwonyesha neno moja la katikati halijui, huyo bado hajasoma, amekariri. Lengo ni kwamba akimaliza darasa la pili awe anasoma kama maneno 50 kwa dakika na anaelewa, kwa sababu anayesoma polepole mno akifika mwisho wa sentensi ya mwanzo kashaisahau.

Kuandika ntapita haraka, mikono yao bado midogo, penseli inawachosha, b na d wanazigeuza na hiyo ni kawaida kwa umri wao. Ila anayetumia mkono wa kushoto muacheni, tafadhali sana, msimchape wala msimfunge mkono, anaandika vizuri tu.

Kuhesabu sasa. Mwambie mtoto aandike kumi na nne. Wengi wanaandika 104, na mzazi anakasirika anasema mtoto mzito huyu, wakati mtoto kaandika kile alichokisikia, kumi ni 10, na nne ni 4, kaviweka pamoja. Huyo anafikiri vizuri, kinachobaki ni kumwonyesha kwamba kumi inakaa kwenye nyumba yake na mamoja kwenye nyumba yake. Ndo maana tunawaambia mlete vijiti, tunahesabu kumi tunafunga na uzi, fungu moja, pembeni tunaweka vinne, ubaoni tunaandika 1 ya fungu na 4 ya vijiti. Akifungua uzi akahesabu mwenyewe mara mbili tatu ile 104 inapotea bila fimbo. Na soko la Mwanga ni darasa tosha, ukienda naye mwache ahesabu mafungu ya dagaa, mwache apokee chenji yeye.

Na haya masomo yanaingiliana, msifikiri michezo ni kupoteza muda. Watoto wakicheza mdako wanahesabu, wakicheza rede wanasubiri zamu na kufuata maelekezo. Somo la kunawa mikono tunalifanyia kwenye kibuyu chirizi, kile chombo cha maji cha kuning'iniza cha kunawia, pale nje ya choo, wanaimba hatua zake na kesho yake maneno yaleyale, maji, sabuni, mikono, ndo wanayasoma ubaoni, na kwa mji wetu huu wa ziwani, kipindupindu mnakijua wenyewe, hilo somo nalipa uzito sawa na KKK. Kiingereza saivi ni salamu na sehemu za mwili, kwa mdomo zaidi, msitafute maandishi mengi.

Kinachoniumiza ni mahudhurio. Dagaa wakiwa wengi kule Katonga na Kibirizi naona viti vimebaki wazi, watoto wako mchangani wanaanika. Maisha magumu najua, simlaumu mtu, lakini silabi zinapandiana, aliyekosa wiki ya na ne ni no nu akirudi anakuta wenzake wanasoma nanasi na yeye anaangalia midomo yao. Kama hamna jinsi basi waanike baada ya saa za shule, au nipigieni simu niwape silabi za wiki ile mzisome jioni. Na watoto wanaoongea Kiha nyumbani endeleeni kuongea nao Kiha, wasimulieni hadithi, mtoto mwenye maneno mengi kichwani kwa lugha yoyote ananirahisishia kazi.

Madaftari yapo dirishani. Kila mtu achukue la mwanae, akakae naye sasa hivi hapa nje, asimuulize amekuwa wa ngapi, amwambie nisomee huu ukurasa, na pale atakapokwama mniandikie hiyo silabi kwenye jalada la nyuma, Jumatatu naanzia hapo.