Ua la Sebuleni Haliitwi Siku ya Kununuliwa

Mabibi na mabwana, asanteni kwa kuja na joto hili la Kisumu. Naona wengine mmeyabeba maua yenyewe. Yawekeni pale dirishani, tutayafikia.

Shauri langu ni moja, nalitoa mapema ili mwenye haraka ya matatu asilikose: ua likifika nyumbani, usilipatie jina. Ngoja. Watu hununua ua kando ya barabara, na kabla hawajashuka stejini wamekwisha kulipatia jina walilolichota kwenye simu. Kichekesho hicho hakimalizi wiki. Jina la kuchekesha hutoka kwenye tabia ya ua, na tabia haionekani siku ya kwanza.

Kwetu hili si geni. Okoth alikuja na mvua, Otieno alikuja usiku, Wekesa wakati wa mavuno, Wanjala wakati wa njaa. Wazazi hawakupekua orodha. Na wale waliouona mmea unaokunja majani ukiguswa, ukajifanya umekwisha, kisha ukafunguka mgusaji akishaenda zake, waliuita kifauwongo. Nani kati yetu angebuni jina bora kuliko hilo akiwa amekaa kwenye kochi?

Chukueni Spathiphyllum, lile lenye majani mapana na ua jeupe. Majani yake husimama kwa nguvu ya maji yaliyojaa ndani ya seli, kwa hiyo kiu ikizidi huanguka yote, hata mgeni akadhani tuanze kuchanga pesa za matanga. Limwagie maji asubuhi. Kufikia alasiri limesimama wima. Jirani yangu mmoja, aliyezoea kuajiri vibarua, alilitazama kwa muda kisha akaliita Mgonjwa wa Jumatatu. Nasikia mnacheka, bila shaka mmewahi kuajiri. Siku hizi limefupishwa kuwa Jumatatu tu, na nyumbani kwake husikii tena kwamba ua limenyauka. "Jumatatu ameanguka!" watoto hupiga kelele, wakikimbilia jagi. Kabla ya jina hilo, kumwagilia ilikuwa kazi ya kusukumana.

Monstera nayo inawaponza wenye haraka. Mtu ameona picha ya majani yenye matundu, akanunua mche mdogo, akauita Neti, kwa heshima ya zile neti zetu kuukuu zinazopitisha mbu wa ziwani. Jina zuri kweli. Lakini majani ya Monstera ikiwa bado changa hayana tundu hata moja, matundu huja mmea ukikomaa. Kwa hiyo mgeni anaonyeshwa Neti, anatazama, hacheki, na mwenye nyumba anaanza kueleza. Ukishaanza kueleza, kichekesho kimekufa.

Kuna Zamioculcas, mmea wa Afrika Mashariki na Kusini, mwenyeji wa hapa hapa Kenya, ingawa tunauziwa kama kitu cha ng'ambo. Huweka maji kwenye viazi vyake chini ya udongo, ndiyo maana hukaa kwenye kona ya ofisi muda mrefu bila kumwagiliwa. Wengi huuita Ngamia. Sawa, lakini hapo umetaja sifa tu. Uite Mwenyekiti: yupo kila mkutano, hafanyi lolote, haondoki.

Sasa tuje kwenye majina ya kuagiza. Ule mmea wa Afrika Magharibi wenye majani marefu yaliyochongoka, ambao wataalamu waliuita Sansevieria kabla ya kuuhamishia kwenye jenasi ya Dracaena, Waingereza huuita ulimi wa mama mkwe. Kwao wanacheka. Lakini huku kwetu, mwanamume anayempisha njia mama mkwe wake atasema nini siku mama huyo akija, akauliza kwa upole ua hili linaitwaje? Utani una watu wake. Mjukuu akiliita ua Babu kwa sababu limeinamia dirisha kutwa likitafuta jua, babu mwenyewe atakuwa wa kwanza kucheka.

Na majina ya chuki? Carl Linnaeus, Mswidi aliyetuzoesha kuita kila mmea kwa majina mawili, alikuwa na hasimu aliyeitwa Johann Siegesbeck, aliyeushambulia mfumo wake wa kuainisha mimea kwa viungo vya uzazi. Husimuliwa kwamba Linnaeus alimlipiza kwa gugu linalonata, ambalo mpaka leo ni Sigesbeckia. Siegesbeck alikufa mwaka 1755, Linnaeus mwaka 1778, na gugu bado linanata. Mkigombana na jirani, basi, msimalizie kwenye chungu. Mwanasiasa pia mwacheni. Likikauka kabla ya uchaguzi mtaulizwa.

Nimeletewa swali kwa karatasi: ua likifa, jina lirithiwe na lipi? Swali zuri. Kama ni lile la mama mkwe, lenye ukingo wa njano, inategemea mlivyolizalisha. Mkiligawa kwenye shina la chini ya udongo, mtoto atakuja na ukingo wake wa njano. Mpeni jina la mzazi bila wasiwasi. Mkikata jani na kulichomeka kwenye udongo, chipukizi litatoka la kijani bila ule ukingo. Huyo ni mtu mwingine. Mngojeeni tabia yake.

Haya, tuanze na lile la kwenye ndoo ya rangi. La nani, na limekaa kwako muda gani?