Meneja wa Duka Anayezika Wenzake: Mwanajeshi wa Zamani katika Mji Mdogo wa Marekani

NEEMA: Karibuni. Kaka Hamisi, ukipita miji midogo ya Iowa au Kansas, yule meneja wa duka la vyakula unayemkuta akipanga maziwa alfajiri mara nyingi ndiye huyohuyo utakayemkuta makaburini saa tano, kavaa kofia ya chama cha wanajeshi wa zamani, kashika bunduki, akimpa heshima mwenzake anayezikwa.

HAMISI: Ndiye. Na watu hudhani shughuli ile yote inafanywa na serikali. Sheria iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2000 inadai kidogo tu: familia ikiomba, waje angalau wanajeshi wawili, mmoja awe wa tawi alilotumikia marehemu. Waikunje bendera, waikabidhi, na upigwe Taps, wimbo wa tarumbeta wa kuagia marehemu. Basi. Milio ya bunduki haimo katika kiwango hicho cha chini. Wanaoipiga mara nyingi ni wazee wa American Legion, chama cha wanajeshi wa zamani cha tangu 1919, au chama kingine kama hicho, Veterans of Foreign Wars, na wote wanajitolea.

NEEMA: Tuanze na bunduki, maana hapo ndipo maswali mengi yalipo. Ile si mizinga 21?

HAMISI: Siyo, dada. Mizinga 21 ni ya marais, na hupigwa kwa mizinga kweli. Hapa ni mikupuo mitatu ya bunduki, yaani wote wanafyatua kwa pamoja, mara tatu. Wakiwa wapiga risasi saba, saba mara tatu inakuja 21, ndiyo maana watu wanachanganya. Jeshi la Nchi Kavu huviazima vyama hivi bunduki, na nyingi ni M1 za enzi za Vita vya Pili vya Dunia.

NEEMA: Na M1 ina tabu yake kwa risasi baridi.

HAMISI: Kubwa! Bunduki ile hujikoki, yaani huingiza risasi inayofuata yenyewe, kwa nguvu ya gesi. Risasi baridi haina kichwa cha kuziba mtutu, gesi inatoka mbele bure, haijikoki. Kwa hiyo baada ya kila mlio lazima uvute komeo kwa mkono hadi mwisho, uliachie lirudi lenyewe. Mzee mwenye vidole vilivyokakamaa kwa baridi akilivuta nusu, ganda la risasi linanasa, na mkupuo wa pili unatoka na milio sita badala ya saba. Dawa ni mazoezi na bunduki safi. Na kidole gumba kisikae njiani komeo linaporudi. Linabana vibaya sana.

NEEMA: Nami nishike bendera, maana familia hukaa nayo miaka yote. Ya jeneza ni futi 5 kwa 9 na nusu. Juu ya jeneza lililofungwa, sehemu ya buluu yenye nyota hukaa upande wa kichwa, juu ya bega la kushoto la marehemu. Haiteremshwi kaburini wala kugusa ardhi. Kuikunja, mnaishika usawa wa kiuno, mnaikunja kwa urefu, kisha kwa urefu tena, buluu ikibaki nje. Halafu mnaanza pembetatu kutoka upande wa mistari, kona hadi ukingo, mnazidi kwenda hadi buluu, na ncha iliyobaki inachomekwa ndani.

HAMISI: Inaharibikia wapi?

NEEMA: Kwenye pembetatu ya kwanza. Ikipinda kidogo tu, kila mkunjo unaofuata unaongeza kosa, na mwishoni wekundu unachungulia. Sababu ya pili ni kulegea: anayesubiri upande wa nyota akilegeza mikono, kitambaa kinatengeneza tumbo. Wekundu ukionekana, rudini nyuma mikunjo miwili mitatu mrekebishe taratibu. Afadhali dakika moja ya ziada kuliko kumkabidhi mjane bendera iliyokaa ovyo.

HAMISI: Wapigaji tarumbeta nao ni wachache, hivyo wengi hutumia tarumbeta yenye kifaa cha elektroniki ndani. Unabonyeza kitufe, unaiinua mdomoni, sekunde chache wimbo unaanza, noti 24. Ni heshima kabisa, mradi betri ikaguliwe asubuhi hiyohiyo.

NEEMA: Sasa duka. Nadhani umeneja unamfaa mtu huyu kuliko tunavyofikiri. Ameshazoea kuweka bidhaa ya zamani mbele na mpya nyuma, kukagua jokofu lisipande juu ya nyuzi 5, kubadilisha zamu mtu akiumwa. Kuandaa heshima za mazishi huombwa saa 48 kabla, na ni yeye atakayepiga simu kukusanya watu saba siku ya kazi. Chakula kinachokaribia tarehe nacho hukipeleka kwenye ghala la msaada. Sheria ya 1996 inamlinda anayetoa kwa nia njema.

HAMISI: Lakini yote yanasimama kwenye karatasi moja, DD-214, hati ya kuondoka jeshini. Bila uthibitisho wa utumishi, mipango inakwama. Wapo wenzetu kutoka Afrika Mashariki waliojiunga na jeshi la Marekani wakiwa na kadi ya kijani, kibali cha ukaazi wa kudumu. Nao wana haki hii, mradi hawakufukuzwa kwa aibu. Mke na watoto wajue hati ilipo. Bendera huombwa kwa fomu 27-2008, na posta nyingi huzitoa. Ni moja tu. Ikipotea, serikali haitoi nyingine. Tena ni ya kuhifadhi, si ya kupeperushwa nje kwenye mvua.

NEEMA: Na hati ikipotea?

HAMISI: Unajaza fomu SF-180, inakwenda kituo cha kumbukumbu za wanajeshi mjini St. Louis. Ila tarehe 12 Julai 1973 kituo hicho kiliungua, yakateketea majalada kati ya milioni 16 na 18. Kwa Jeshi la Nchi Kavu, waliotoka kati ya 1912 na 1960, takriban asilimia 80 ya majalada yalipotea. Kwa mzee aliyepigana Vita vya Korea, basi, taja kikosi, namba ya utumishi, mwaka na mahali alipoingilia, maana wanaunganisha upya kutoka orodha za mishahara na ripoti za kila asubuhi za vikosi. Ukiandika jina peke yake, hawana pa kuanzia.