Hesabu Inaanzia Mahabusu
Mhadhara kwa makoplo na masajenti wapya wa polisi, Mwanza

Maafande, walionizidi umri shikamooni. Vijana, poleni na kazi.

Nianze na ziwa. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kikitoka Bugolora siku ya gulio, kilipinduka kikiwa karibu kabisa na gati la kisiwa cha Ukara. Uwezo wake ulikuwa watu 101. Waliokufa peke yao walizidi 220. Tangu misiba ile, nikisikia neno usimamizi nawaza kuhesabu watu: kuhesabu kwa macho yako, si kwa kukisia wala kwa kuambiwa.

Ninyi mmevishwa vyeo juzi. Usiku, mkuu wa kituo akiwa amelala kwake, kituo ni chako wewe kiongozi wa zamu. Unapopokea zamu, chukua kitabu cha mahabusu, nenda nacho mpaka mlangoni, ita jina moja moja, mtu aitike na umwone uso. Kitabu kinasema tisa na ndani wamo kumi? Huyo wa kumi ni nani, kaletwa na nani, saa ngapi, kwa kosa gani? Kitabu kinasema kumi na ndani wamo tisa? Usitie saini. Kisha uliza kila mmoja kama anaumwa, kama amepigwa, kama ndugu zake wanajua alipo. Hilo la ndugu ni zito kwetu huku. Mvuvi wa dagaa akikamatwa Mwaloni Kirumba, mkewe yuko kisiwani. Mbalamwezi ikiingia na uvuvi wa taa ukasimama, wenzake wanarudi nyumbani, yeye haonekani, na mama wa watu anaanza kufikiria maji. Simu moja tu ingemtoa kwenye matanga ya mtu aliye hai.

Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai haikulisema jambo hili kwa mafumbo. Imemtaja mkuu wa kituo kwa nafasi yake: mtu aliyekamatwa bila hati, ikionekana haiwezekani kumfikisha mahakamani ndani ya saa 24, mkuu wa kituo alichunguze shauri lake, na kama kosa si kubwa amwachie kwa dhamana. Mahojiano nayo yana muda: saa nne tangu awekwe chini ya ulinzi, na nyongeza isiyozidi saa nane. Mpelelezi anaweza kusahau saa kwa kuwa ameshika kesi kumi. Wewe huna ruhusa ya kusahau. Dhamana ni bure. Ndugu wa mahabusu akiombwa "hela ya mafuta" pale kaunta nawe unasikia ukanyamaza, basi umepokea nawe.

Nitawaeleza kosa langu. Nikiwa sajenti, kituo sitakitaja, nilipokea zamu alfajiri na mvua inanyesha. Aliyekuwa ananikabidhi alisema, "Wote wamo, shwari." Nikatia saini. Ndani alikuwamo kijana aliyeletwa usiku kwa tuhuma ya kuiba injini ya boti, mkono umevimba, hana PF3, ile fomu ya polisi ya kumpeleka majeruhi hospitali, hajaandikwa popote. Nilimwona saa tisa alasiri, tena kwa sababu mahabusu wenzake walianza kugonga mlango. Mkono ulikuwa umevunjika. Na hakuwa yeye: aliyetafutwa alikuwa mtu mwingine mwenye jina kama lake, na Usukumani majina yanajirudia mno. Askari waliomkamata waliadhibiwa, nami pia. Lakini adhabu haikunyoosha ule mkono. Kijana yule anaishi kwa kuvuta nyavu.

Sasa upande wa askari wenyewe, maana wengi hudhani kusimamia ni kufoka. Askari aliyekesha lindo benki, akarudishwa mchana kwenye doria ya Igoma, usiku ukampanga tena, huyo atapiga mtu. Si kwamba ni mbaya. Amechoka na ana silaha. Ratiba ya zamu unaipanga wewe. Pita malindoni saa nane za usiku, ujue nani amefiwa, nani mtoto wake amelazwa Bugando, nani ameanza kunywa. Ukimwona anaporomoka, mwondoe kwenye bunduki kabla hujamwandikia shtaka la nidhamu.

Mwanamke akija kulalamika kwamba amepigwa nyumbani, asisimulie kaunta mbele ya watu. Mpeleke Dawati la Jinsia na Watoto. Hilo halina mjadala.

Koplo mmoja amenyoosha mkono, ameuliza vizuri na kwa ujasiri: "Afande, mkubwa akinipigia simu usiku akaniambia fulani asitoke, na mimi naona hana kosa, nifanyeje?"

Kijana, usibishane naye kwenye simu, na usiitikie "ndiyo afande" ukarudi kulala. Fungua kitabu. Andika saa uliyopigiwa, andika jina na cheo cha aliyetoa amri, andika maneno yake na sababu aliyokupa. Kama hakukupa sababu, andika kwamba hakukupa. Halafu mpigie tena, umsomee ulichoandika.