Supu ya Pweza na Mwamba Uliofungwa

BEKA: Juzi jioni nipo Ferry, kwa jamaa wa supu ya pweza. Ananichomolea kipande, mkono wenyewe mwembamba kama kalamu. Nikamuuliza, ndugu yangu, huyu si alikuwa bado ananyonya?

ZUHURA: Subiri kwanza. Kwenye supu ya pweza ulifuata nini?

BEKA: Njaa.

ZUHURA: Njaa! Wasikilizaji mmemsikia. Na wifi yangu anaijua hiyo njaa?

BEKA: Twende kwenye mada, dada. Leo matumbawe.

ZUHURA: Mada ndiyo hiyohiyo. Pweza anajificha kwenye mashimo ya mwamba. Wakibaki wadogo watupu, watu wanachokoa kila shimo kwa chuma, na tumbawe linamegeka. Kule Kisiwa Panza, Pemba, wanakijiji wenyewe wanaufunga mwamba miezi kama mitatu. Pweza anakua haraka mno, siku ya kufungua wanatoka na minofu.

BEKA: Vikombe vingapi hivyo?

ZUHURA: Umeona? Njaa imerudi.

BEKA: Haya, ila Panza wanajuana. Funga mwamba Kunduchi uone. Mwenyeji anakaa pembeni, usiku anakuja mvuvi wa dago, mgeni wa kupiga kambi, asiyejua kikao wala mwenyekiti, anabeba. Visiwa vya Bongoyo na Mbudya hapo Dar ni hifadhi tangu 1975, na baruti za kuvulia samaki zimelia humo miaka na miaka. Zilipungua dola ilipokaza msako, kuanzia 2016 hivi.

ZUHURA: Na dola ilijuaje nani anapiga? Pwani watu wanamjua mwenye baruti, mpaka anayemnunulia samaki. Wasiposema, boti ya doria inachoma mafuta tu.

BEKA: Wanasema mchana, usiku wanafuatwa nyumbani. Mimi nasema doria kwanza, kikao baadaye.

ZUHURA: Kikao kwanza! Na kikao chenyewe wakae na akina mama wanaoteremka bamvua maji yakitoka, na vijiti vyao. Mara nyingi wanaume wa BMU, kile kikundi cha kijiji cha kusimamia uvuvi, ndio wanaamua, halafu anayekosa kitoweo ni yule mama asiye na chombo cha kwenda maji makuu.

BEKA: Hapo umenisaidia. Huyo mama miezi mitatu anakula nini?

ZUHURA: Hawafungi mwamba wote, Beka. Wanafunga kipande.

BEKA: Kipande kilicho karibu na kwake, au kilicho mbali?

ZUHURA: ...Inategemea kijiji.

BEKA: Basi bado hujanijibu.

ZUHURA: Na wewe hujaniambia doria yako italala baharini siku ngapi kwa mwezi.

BEKA: Fundi mitambo ananionyesha saa. Nilikuwa na mambo matano ya msikilizaji kuondoka nayo, nimeyaandika kabisa.

ZUHURA: Soma moja.

BEKA: La kwanza, ukiwa Mbudya usikanyage...

ZUHURA: Muda umekwisha. Umeyamaliza yote kwenye supu.

BEKA: Aliyeng'ang'ania supu ni nani?